Darasa la Asilimia Tisini na Saba

Kwa heshima na taadhima, ninayo furaha kuutangazia umma kwamba Wizara yetu ni ya kwanza, miongoni mwa wizara zote nilizowahi kufanyia kazi, kulinganisha kisayansi ufundishaji wa ndani ya kuta nne na ufundishaji usio na kuta. Nimefanya kazi katika wizara moja.

Zoezi hilo nililiongoza mimi. Cheo changu kilikuwa kirefu kuliko upana wa mlango wa ofisi, kwa hiyo fundi alikiandika kibaoni kwa mistari mitatu: Mratibu Mkuu wa Ulinganishi, Upimaji na Masuala Yanayofanana na Hayo. Kwa miaka yote niliyokaa nyuma ya kibao hicho, hakuna aliyewahi kuniuliza masuala hayo ni yapi, nami sikuona sababu ya kujiuliza.

Chanzo cha jambo lenyewe ni upepo. Shule ya msingi iliyo nyuma ya ofisi zetu ilikuwa na vyumba viwili vya darasa la nne, A na B. Siku moja upepo ukaezua paa la chumba cha B. Wazazi wenye kujuana na watu, mimi nikiwa mstari wa mbele, tukapiga simu mbili tatu na watoto wetu wakahamia A siku hiyo hiyo. Wale ambao wazazi wao hawakuwa na wa kumpigia, watoto arobaini kamili, walipelekwa bwaloni, yaani ule ukumbi mrefu wa kulia chakula wenye paa, nguzo, na ukuta mmoja tu wa upande wa jikoni. Mwalimu wao akaomba mabati kwa barua. Barua ikajibiwa kwa barua kwamba barua imepokelewa.

Muhula ukapita. Kisha Mkurugenzi wetu akarudi kutoka semina ya ng'ambo na habari kwamba huko wenzetu wanabomoa kuta za madarasa kwa makusudi, ili mtoto ajifunze kwa uhuru, na kitu hicho kinaitwa darasa wazi. Tulitazamana. Kumbe sisi tulikuwa nalo tayari, na tulikuwa tumelipata bila kununua hata nyundo. Ombi la mabati likafungwa, na kwenye mpango kazi wa mwaka upepo ukaorodheshwa kama mdau wa maendeleo.

Hata hivyo, Wizara makini hailishabikii jambo kabla ya kulipima. Je, mtoto anaelewa zaidi ndani ya kuta au nje ya kuta? Na utapimaje kuelewa, kitu kisicho na rangi wala uzito? Kamati ilikaa siku tatu kwenye viti vyenye mito. Siku ya tatu, karibu na chai, wazo likanijia mimi. Mwalimu akimaliza kufundisha huuliza, "Mmeelewa?" Wanafunzi hujibu, "Ndiyooo." Basi kuelewa ni sauti, na sauti inapimika. Nikaazima kipimasauti kwa jamaa wa ukaguzi wa viwanda, ambao hukitumia kujua kama mashine zinaharibu masikio ya wafanyakazi. Kilikuwa na mshale na namba zinazoishia mia. Namba zinazoishia mia ni asilimia, hilo halikuhitaji kamati.

Nilianza na 4A. Mwalimu wa 4A anaitwa Radi na watoto, na hata walimu wenzake wamesahau jina lake. Alikuwa na wanafunzi themanini na watatu katika chumba cha watu arobaini na watano, madirisha yako juu, wanne kwenye kila dawati. Binti yangu alikaa safu ya tatu. Nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Radi aliandika ubaoni habari ya kuku aliyepotea, akaisoma kwa sauti, darasa likaifuata kwa sauti, wakairudia mara sita mpaka hata mimi nikajua kuku aliishia wapi.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo."

Mshale ukaruka hadi tisini na saba. Chokaa kidogo ilidondoka kutoka ukutani, nami nikaiandika kama ushahidi wa ziada. Chiriku ndiye aliyefunua mdomo kuliko wote. Nilimkonyeza, akanikonyeza. Nilitoka mle ndani kifua mbele.

Kisha nikaenda bwaloni. Nilisimama dakika kumi nikimtafuta mwalimu, nikaja kumkuta ameketi sakafuni na watoto watano. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu anayeongea na mtu. Watoto wengine walikuwa wametawanyika kwenye meza za kulia na kwenye mikeka. Wawili walikuwa wanabishana juu ya hesabu ya kutoa. Mmoja alilala kifudifudi chini ya meza akimsomea mwenzake, na mwenzake anamsahihisha. Sikujua nisimame upande gani ili niwe mbele ya darasa.

"Mwalimu, waulize kama wameelewa," nikamwambia, nimekishika chombo.

"Wote kwa pamoja?"

"Ndio utaratibu."

"Mimi huwauliza mmoja mmoja. Wakijibu kwa pamoja huwa sisikii kitu."

"Usiwe na wasiwasi. Chombo kitasikia."

Akauliza. Baadhi wakasema ndiyo, baadhi hawakuinua hata vichwa. Kasichana kenye pengo la meno mawili kakasema, "Mimi bado." Mwingine naye, "Hata mimi. Pale pa kuazima kumi." Mikono ikaanza kunyooka. Nilihesabu kumi na mmoja. Mshale ulikuwa thelathini na moja.

Nilimwonea mwalimu huruma. Nikamsogelea na kumnong'oneza kwamba mambo haya humpata kila mtu, ajipe moyo.

"Mambo gani?" akauliza. "Hao kumi na mmoja ndio nakaa nao sasa hivi. Wale wengine wana kazi zao."

Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, cha Ndiyo na cha Kelele. Wale kumi na mmoja nikawaandika kwenye Kelele.

Ripoti niliikamilisha kwa siku moja, na hapa naomba nipongezwe kwa kubana matumizi ya akili. Mwaka juzi nilikuwa nimeandika ripoti nyingine, ya kulinganisha mifereji wazi ya maji machafu na mifereji iliyofunikwa. Niliona hoja ni zilezile. Nikaondoa neno mfereji kila lilipokuwa, nikaweka darasa, kisha nikaongeza asilimia zangu. Matokeo yake yalikuwa andiko zito. Ukurasa wa nane ulisema kwamba darasa wazi huvutia nzi na mbu, hutoa harufu wakati wa kiangazi, na ni hatari kwa wapita njia. Pendekezo la kwanza: bwalo lifungwe Ijumaa ya mwisho wa mwezi na watoto wake wote waingizwe 4A. La pili: mwalimu wake, kwa upungufu wa sauti, ahamishiwe ghala la vifaa. La tatu: madarasa wazi yote nchini yafunikwe kwa mifuniko ya zege kabla ya mvua.

Niliipitia mara mbili, kwa macho ya mtu anayependa alichoandika, nisione kosa. Mkurugenzi akaandika pembeni, "Kazi nzuri, ya kina." Waziri akawataja nzi na mbu kwenye hotuba, ukumbi ukampigia makofi. Kitengo cha ununuzi, ambacho husifika kwa wepesi, kikaagiza mifuniko arobaini.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyumbani nasoma gazeti lenye picha yangu, nusu ya uso ikiwa nyuma ya bega la Waziri. Mama yangu, ambaye anaishi nasi na macho yake yamechoka, alikuwa ametoka hospitali na dawa mpya. Akamwita mjukuu wake.

"Chiriku, hebu nisomee hapa. Wamesema nimeze vingapi?"

Chiriku akaipokea pakiti, akasimama wima kama yuko darasani, akasema kwa sauti iliyofika kwa jirani, "Vidonge vinne mara tatu kwa siku."

Nilitikisa kichwa kwa kuridhika bila kuinua macho. Mama akahesabu vinne kiganjani. Maji yalikuwa yameshafika mdomoni mke wangu alipoingia na ndoo ya nguo.

"Mama, vinne vya nini?" Akaiweka ndoo chini, akachukua pakiti. "Hapa pameandikwa nusu kidonge. Mara moja tu. Hizi ni za presha."

Mke wangu akamrudishia mtoto pakiti. "Soma tena, mwanangu. Taratibu."

"Vidonge viwili," Chiriku akasema, macho hayako kwenye pakiti, yako usoni kwa mama yake. Alipoona uso haujabadilika akasema, "Kimoja."

Nikasema huenda maandishi ya hospitali ni madogo. Nikaenda mwenyewe kuleta kitabu chake cha shule, nikafungua habari ya kuku aliyepotea. Aliisoma bila kukwama hata mara moja, na mkato na nukta zote kazipa haki yake. Nilimtazama mke wangu kwa ushindi. Yeye akanyoosha mkono, akafunua ukurasa mwingine wenye picha ya daraja. Chiriku akaendelea na kuku.

"Unajua kusoma, mwanangu?" mama yake akamuuliza kwa upole.

Mtoto akaanza kulia. Chiriku halii hovyo.

"Huwa naangalia mdomo wa aliye mbele yangu," akasema.

"Na mwalimu akiuliza kama mmeelewa?" nikauliza mimi, mtaalamu.

"Tunasema ndiyo."

"Na kama hujaelewa?"

"Utasemaje hapana, baba? Utasikika peke yako."

Niliona aibu. Kazini tungeiita changamoto, lakini ilikuwa aibu. Mimi ndiye niliyemwepusha na bwalo kwa simu. Mimi ndiye niliyemkonyeza. Na nilikumbuka kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu: hata mimi nilimaliza shule kwa kuangalia mdomo wa aliye mbele, mpaka nikapata cheti, mpaka nikapata kibao cha mistari mitatu.

"Baba Chiriku," mke wangu akasema, "hivi wewe ofisini hupima nini?"

"Uelewa."

"Haya," akasema, akaenda kurudisha vidonge vitatu na nusu kwenye pakiti.

Jumatatu asubuhi nilikuwa bwaloni kabla ya kengele. Mwalimu alikuwa anafuta meza.

"Mwalimu, nina ombi la kifamilia. Nataka kumhamishia binti yangu kwako."

"Kutoka 4A?" Hakuacha kufuta. "Bwana Mratibu, mtoto yuko kwenye asilimia tisini na saba. Akija kwangu atashuka mpaka thelathini na moja. Mzazi gani mwenye akili timamu anamfanyia mwanawe hivyo?"

"Mwalimu, mtoto hajui kusoma."

Akaacha kufuta. Utani ukamtoka usoni.

"Umemgundua, au amekuambia mwenyewe?"

"Amesema mwenyewe. Huku analia."

"Basi ameshaanza. Mlete leo hii. Ila Ijumaa bwalo linafungwa, nimesoma ripoti yako."

"Umeisoma?" Nilishtuka. Ripoti zetu hupokelewa, huzinduliwa, hata huenziwa, lakini hilo alilosema halikuwa la kawaida.

"Yote. Mpaka pale pa mbu."

Sikuelewa mbu wameingiaje kwenye maongezi. Yeye akaendelea, sauti ileile ndogo. "Hawa arobaini wakienda kwa Radi watakuwa mia moja ishirini na watatu. Radi si mwalimu mbaya. Nimeanza naye kazi. Mpe watoto arobaini, atawajua mpaka wanapokwama. Mpe mia na ushee, atabaki kuuliza mmeelewa, kwa sababu ndilo swali pekee la kuuliza watu mia. Wala si kuta, baba. Hata mimi nikipata kuta zangu nitashukuru, mvua ikija na upepo tunalowa. Lakini mtoto anataka mahali pa kusema hajaelewa bila kuchekwa. Sasa nenda ukafute saini yako."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Ni mama mtaratibu, mwenye sauti ya upole na mihuri sita mezani.

"Mheshimiwa, naomba kuiondoa ripoti yangu. Ina upungufu."

"Ripoti iliyokwisha kutangazwa haiondolewi," akasema. "Inaweza kuongezewa kiambatisho."

"Kiambatisho kiseme nini?"

"Kiseme kwamba ripoti ni sahihi." Akanipigia muhuri kwenye karatasi tupu ili nisirudi mikono mitupu. "Alhamisi kikao cha wakuu wa idara kinaithibitisha. Uwe mfupi, kuna wajumbe wana safari."

Alhamisi tulikuwa kumi na mmoja kuzunguka meza ndefu, kila mtu na chupa yake ya maji na nakala yake ya ripoti, ambayo kila mmoja alikuwa ameifanya kitako cha chupa. Nilisema nilichotakiwa kusema kwa dakika nane. Nilikuwa nimejiapiza kusema mengine, lakini ukishasimama mbele ya wakuu, mdomo huenda wenyewe njia ulizozizoea. Nikakaa. Mkurugenzi akavua miwani.

"Wajumbe, tumeelewana?"

"Tumeelewanaaa."

Kipimasauti kilikuwa mbele yangu, nilikuwa nimekileta kama kielelezo. Mshale ulisimama tisini na nane. Tulikuwa tumeipita shule kwa pointi moja, na sauti iliyozidi ilikuwa yangu.

Hapo nikamwona Chiriku akilini mwangu, ameshika pakiti, anatafuta jibu usoni kwa mama yake. Nikasimama tena.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa ruhusa yako, naomba nirudie swali hilo kwa mjumbe mmoja mmoja."

"Kwa utaratibu upi?"

"Wa bwaloni."

Hakuna mwongozo unaokataza jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa hiyo hakunikataza. Nikamgeukia Bwana Mipango, aliyekaa karibu nami.

"Bwana Mipango, pendekezo la tatu linasemaje?"

Akakohoa. "Linasema tusonge mbele kwa kasi."

"Bwana Mwanasheria?"

"Namuunga mkono aliyetangulia."

Nikaenda hivyo kiti kwa kiti. Mmoja alisema suala hilo ni mtambuka. Mwingine aliomba apewe swali kwa maandishi. Nilipomfikia mkuu wa ununuzi, uso wake ukang'aa, maana yeye alikuwa na jibu.

"Pendekezo la tatu nalijua vizuri sana. Ni mifuniko. Imeshafika, iko getini pa shule tangu jana."

"Mifuniko ya nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Ya zege, Mheshimiwa. Ya kuwafunikia wanafunzi."

Chupa zikaondolewa juu ya ripoti, kurasa zikafunuliwa kwa mara ya kwanza, gundi ya migongo ya nakala ikaalika, mgongo mmoja baada ya mwingine. Mtu akasoma kwa sauti ndogo, "Harufu wakati wa kiangazi." Mkurugenzi alikuwa kwenye ukurasa wa nane.

"Mratibu," akasema, "wewe uliyeandika. Hawa nzi ni wa nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu kitaalamu. Nilikuwa na maneno kadhaa tayari, mojawapo likiwa mfumo ikolojia.

"Mheshimiwa, sikuelewa nilichokuwa naandika," nikasema. "Nilikuwa naandika tu. Na mwanangu yuko 4A, hajui kusoma."

Mshale haukutikisika. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza ya kweli katika jengo lile na ilitoka kwa sauti ya mtu mgonjwa.

Mkurugenzi hakufika alipofika kwa bahati. Akavaa miwani, akatafakari, akatoa uamuzi: kikao kinaahirishwa hadi wajumbe wote watakapokuwa wameielewa ripoti, na mpaka wakati huo hakuna kufunga, kuhamisha wala kufunika. Hadi naandika haya, bado hawajaielewa. Bwalo liko wazi kisheria, na mwalimu wake hakwenda ghalani.

Chiriku akahamia. Wiki ya kwanza hakutoa sauti hata nyumbani, mpaka mama yangu akadhani ni malaria. Wiki ya tatu aliniambia kwamba siku hiyo alinyoosha mkono na kusema bado, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Alinisimulia jambo hilo kama mtu aliyetoka kuogelea mtoni. Mifuniko ya zege nayo ilipata kazi. Wale watoto waliipanga chini wakawa wanaandikia juu yake kwa chaki, na mvua ikinyesha inafutika yenyewe.

Halafu wakaanza kuja wageni. Inaelekea kila mjumbe wa kile kikao aliporudi kwake aliuliza swali moja mezani, kwa mtoto mmoja mmoja. Bwana Mipango alikuja na mapacha wake, akasema anafanya utafiti wa awali. Mwanasheria alimleta mpwa wake. Ijumaa moja nilipompeleka Chiriku nikamkuta Mkurugenzi mwenyewe amesimama kando ya nguzo, amemshika mjukuu wake mkono.

"Nimekuja kwa ziara ya ukaguzi shirikishi," alikuwa akimwambia mwalimu. "Na huyu ni mshiriki."

"Karibu sana, mama. Ukaguzi ni wa siku ngapi?"

Mkurugenzi akamtazama mjukuu wake, kisha akatazama sakafu.

"Mpaka darasa la saba," akasema.

Mwalimu alipokea kumi, akasema hapo ndipo mwisho, akizidisha hata yeye atalazimika kuuliza mmeelewa. Kule 4A walipungua wakawa sabini na wawili, na habari zilizonifikia ni kwamba siku moja Radi aliuliza swali akasubiri jibu.

Muhula ulipoisha, nikapata barua. Ilikuwa imesafiri ghorofa mbili kwa miezi mitatu, na ilikuwa na saini nne na mihuri yote sita. Niliisoma nimesimama. Ilitambua mchango wangu uliotukuka. Ilieleza kwamba ili kuuwezesha muundo mpya kufanya kazi kwa ufanisi, nimeondolewa majukumu ya uratibu kuanzia tarehe ya mwisho wa mwezi, ambapo nitakabidhi funguo, kitambulisho na chombo cha kupimia. Ilimalizia kwa kunitakia kila la heri katika fursa pana zilizo nje ya mfumo.

Fursa pana. Bwana Mipango aliisoma akanikumbatia, akasema alijua tu kwamba watanipeleka ng'ambo. Mwanasheria akasema nje ya mfumo ni cheo cha juu sana, watu wachache hukifikia. Hata Mkurugenzi, ambaye saini yake ndiyo ilikuwa ya kwanza, alinipa mkono kwenye ngazi na kunipongeza. Nikapita dukani nikabeba kreti ya soda. Nikampigia simu kaka yangu mkubwa, akaja na mkewe. Majirani wa pande zote mbili wakaja na viti vyao.

Tulipokwisha kukaa nikasema barua isomwe na Chiriku. Nilitaka waone. Akasimama katikati ya sebule na karatasi yake, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Hakupaza sauti. Alisoma polepole sana, akakwama kwenye ufanisi, akarudi nyuma, akapita. Kwenye aya ya pili alinyamaza muda mrefu hata kaka yangu akataka kumsaidia, mke wangu akamzuia kwa mkono. Aliimaliza yote mwenyewe, mpaka tarehe na majina ya waliopelekewa nakala. Mama yangu alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Nikainuka, nikawatazama wageni wangu.

"Jamani, mmeelewa?"

"Ndiyooo," wakaitikia wote, na makofi juu.

Chiriku hakuitikia. Alikuwa bado anaitazama karatasi.

"Baba," akasema, "wamekufukuza kazi."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka zaidi. "Neno hilo halimo humo, mwanangu."

"Halimo," akakubali. "Lakini wanataka funguo."

Kicheko kikapungua upande mmoja wa sebule, kisha upande wa pili. Nikaichukua barua, nikaisoma tena aya ya pili, na safari hii niliweka kidole. Nikafika mwisho, nikarudi mwanzo, nikafika tena mwisho. Wakuu wanne walikuwa wameitia saini, idara nzima ilikuwa imenipongeza, nami nilikuwa nimenunua soda. Aliyeielewa ni mtoto wa miaka kumi.

Nikaketi. Nilikuwa sina kazi, mbele ya kaka yangu na majirani wa pande zote mbili, na nilikuwa na furaha ambayo sikujua niifiche wapi.

Mama yangu akaniinamia. "Sasa hizi soda, mwanangu, tuzirudishe dukani?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Zifunguliwe. Mtoto anajua kusoma."